Mizani ya Mbio: Michezo ya Kimataifa na Watu wa Pwani ya Ruvuma

Mtu akisimama kando ya bandari ya Mtwara na kutazama ng'ambo ya maji, ataiona rasi ya Msangamkuu yenye minazi na nyumba za wavuvi. Kutoka hapo pwani huendelea kusini kupitia Msimbati hadi kwenye mikoko ya mlango wa Mto Ruvuma, ambako maji ya mto hukutana na bahari na nchi yetu hupakana na Msumbiji. Siku za sikukuu, hali ya bahari ikiruhusu, vijana wa sehemu hizi hushindana kwa ngalawa. Vyombo hupangwa mchangani, ishara hutolewa, kila kundi husukuma chombo chake majini, na matanga hupandishwa. Upepo ukiwa wa mbele, nahodha huenda mbisho, akikata huku na huku, na mwenzake hujitupa juu ya mrengu ili uzito wake uzuie chombo kisilale. Ngalawa ya kwanza kurudi ndiyo iliyoshinda. Hata hivyo, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Wazee walioketi kivulini watauliza kama mshindi aliupata upepo kwa akili au kwa bahati, tanga lilishonwa na nani, gogo la chombo lilikuwa la mti gani, na kama nahodha aliujua mkondo wa maji kwenye miamba. Mara nyingine aliyefika wa pili ndiye anayeondoka na sifa kubwa zaidi.

Katika mashindano hayo hakuna saa. Hakuna anayejua mshindi wa mwaka juzi alitumia dakika ngapi, wala hakuna anayetaka kujua, kwa sababu upepo wa mwaka juzi haukuwa upepo wa leo. Tumeanza na habari hii ili msomaji aone kwamba kushindana hakukuletwa hapa na mgeni. Kilicholetwa ni mizani mpya ya kushindana, na pamoja na mizani hiyo zikaja fikra juu ya nani ana uwezo wa mwili na nani hana. Fikra hizo hazijatutoka. Katika makala haya tunakusudia kueleza zilikotoka, tukizitazama kutoka pwani ya kusini, mahali ambapo vitabu vya riadha havipataji sana.

Michezo ni ya kale kila mahali, na kila mwanafunzi amekwisha kusoma habari za Wayunani na Olimpia yao. Michezo ya kimataifa tunayoijua leo, lakini, ni kitu cha juzi. Ilizaliwa katika Ulaya ya karne ya 19, hasa katika shule za matajiri wa Uingereza, ambako vijana walifundishwa kucheza kwa kanuni zilizoandikwa. Mwaka 1863 vilabu kadhaa vya London vilikutana na kuunda chama cha kandanda. Mwaka 1880 kikaundwa chama cha riadha. Kanuni zilipoandikwa, mchezo wa mji mmoja uliweza kuchezwa katika mji mwingine bila ugomvi. Saa za kupimia mbio na kamba za kupimia miruko zilipoenea, mtu aliyekimbia leo mjini London aliweza kushindanishwa na mwingine aliyekimbia mwaka uliopita New York, ingawa hawakuonana kamwe. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo geni linaloitwa rekodi.

Kanuni hizo zilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Waungwana wa Kiingereza walitaka mchezaji awe mtu anayecheza kwa burudani tu, asiyepata fedha kwa nguvu za mwili wake. Chama cha wapiga makasia cha nchi hiyo, katika kanuni zake za miaka ya 1880, kilimkataa mtu yeyote aliyewahi kuwa fundi wa mikono au kibarua, na vilevile mtu aliyewahi kufanya kazi yoyote ya mashua kwa ujira. Kwa kanuni hiyo nahodha wa Msangamkuu asingeruhusiwa kushindana hata kama angezaliwa kando ya mto Thames, na kosa lake lingekuwa kwamba anaijua kazi yake. Tunalitaja jambo hili mapema ili ieleweke kwamba ubaguzi katika michezo haukuanzia kwenye rangi. Ulianza na tabaka, Mzungu akimbagua Mzungu mwenzake, na ulipovuka bahari ulikuwa umekwisha kuzoea kazi.

Mfaransa Pierre de Coubertin, aliyeupenda sana mfano wa shule za Uingereza, aliitisha mkutano katika chuo cha Sorbonne mjini Paris mwezi Juni 1894, na humo ikaamuliwa kwamba Michezo ya Olimpiki ifufuliwe. Michezo ya kwanza ilifanyika Athens mwaka 1896. Ni vema tuiweke miaka hiyo karibu na miaka yetu. Mkutano wa Berlin uliokata bara la Afrika ulimalizika mwaka 1885. Upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani ulizimwa kwa mizinga kati ya 1888 na 1890. Na boma la Mikindani, ambalo kuta zake zinasimama hadi leo juu ya mji, lilijengwa mwaka 1895. Basi wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakijiandaa kupimana nguvu kirafiki huko Athens, mataifa hayo hayo yalikuwa yakimaliza kupima nguvu zao juu yetu.

Swali la nani ana uwezo lilijitokeza waziwazi mwaka 1904 katika mji wa St. Louis, Marekani. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilifanywa kuwa sehemu ya maonyesho makubwa ya biashara, na katika maonyesho hayo walikuwamo binadamu walioletwa kutazamwa: Wahindi Wekundu, Waainu wa Japani, Wapatagonia, watu wa visiwa vya Filipino, na Wabatwa kutoka misitu ya Kongo. Tarehe 12 na 13 Agosti wakuu wa maonyesho, mtaalamu wa mila W. J. McGee na mkuu wa michezo James Sullivan, waliwapanga watu hao washindane katika mbio, miruko, kurusha tufe, kuvuta kamba na kadhalika, ili matokeo yao yalinganishwe na yale ya wanariadha wa Kizungu. Hawakupewa mazoezi. Wengi hawakuelewa lugha ya waamuzi. Taarifa ya siku hizo husimulia kwamba katika mbio fupi baadhi yao walipokaribia utepe walisimama kuwangoja wenzao, na wengine waliinama wakapita chini yake.

Waandishi wa wakati ule walicheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Mtu ambaye hakuelezwa maana ya utepe atajuaje kwamba unakatwa kwa kifua? Na mtu anayesimama kumngoja mwenzake amefanya jambo ambalo kwao huenda ndilo lililo sahihi. Lakini Sullivan alizichukua takwimu hizo akaziandika kuwa ni ushahidi kwamba sifa za nguvu na wepesi zilizokuwa zikisimuliwa juu ya watu wasiostaarabika ni za uongo. Kwa maneno mengine, mtu alipewa mtihani kwa lugha asiyoijua, na aliposhindwa, ujinga wake ukatangazwa kuwa wa kuzaliwa. Walimu wataitambua hila hiyo. Coubertin mwenyewe hakuwapo St. Louis, na aliposikia alichukizwa. Aliona kwamba iko siku watu hao weusi na wa rangi nyingine watajifunza kukimbia na kuruka kwa kanuni hizo, na watawaacha Wazungu nyuma.

Jambo ambalo Sullivan hakulisisitiza lilitokea siku chache baadaye, tarehe 30 Agosti, katika mbio za marathoni. Walianza watu 32 katika joto na vumbi, wakamaliza 14. Miongoni mwa waliomaliza walikuwamo Watswana wawili wa Afrika ya Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, ambao walikuwa wameletwa kuigiza Vita vya Makaburu katika maonyesho yaleyale. Taunyane alifika wa 9 na Mashiani wa 12. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kukimbia katika Olimpiki. Katika orodha za waandaaji majina yao yaliharibiwa kiasi cha kutotambulika, na kabila lao likaandikwa kuwa Wazulu.

Mwaka uliofuata, 1905, vita vya Majimaji vilianza na kuenea kusini yote ya nchi yetu. Moto wa vita hivyo ulikuwa haujapoa, na njaa ilikuwa bado inawatafuna watu, alipofika Lindi mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alizunguka Masasi, Newala na uwanda wa Wamakonde akiwa na kamera, chombo cha kunasa sauti na hata chombo cha kupiga picha za sinema. Aliandika kwa makini habari za jando na unyago, vinyago na ngoma. Hatuna sababu ya kuidharau kazi yake. Mambo mengi tusingeyajua bila yeye. Ila katika utaratibu wa elimu ya wakati ule, alichokifanya Mwafrika kwa mwili wake kiliwekwa katika fungu la mila, na alichokifanya Mzungu kwa mwili wake kiliwekwa katika fungu la michezo. Mafungu hayo mawili hayakukutanishwa.

Hebu tuchukue mfano wa mironjo. Katika ngoma za Wamakonde na jirani zao huonekana mchezaji aliyevaa kinyago, amefungwa miguu kwenye miti mirefu kuliko kimo cha mtu, akicheza juu ya vichwa vya watazamaji. Anayecheza juu ya mironjo hawezi kusimama tuli, akitulia huanguka. Lazima uzito wake uhame mguu hadi mguu bila kukoma, na mahamisho hayo yafuate mapigo ya ngoma, huku macho yake yakiona kwa matundu madogo ya kinyago. Kazi hiyo hudai mapaja yenye nguvu, mgongo usiochoka, na mazoezi ya muda mrefu yanayofanywa mbali na macho ya watu. Mchezaji wa viungo wa Ulaya afanyapo kitu cha namna hiyo juu ya chuma cha mlalo hupewa alama na waamuzi. Huyu wa kwetu alipewa jina la mchawi, au la kivutio.

Koloni hilohilo la Wajerumani, ambalo kusini liliishia kwenye Ruvuma, lilifika kaskazini-magharibi mpaka Rwanda. Huko mwaka 1907 alipita mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg na msafara wake wa wataalamu. Mfalme Musinga aliwaita vijana wa ikulu wamwonyeshe mgeni mchezo wao wa kuruka, uitwao gusimbuka. Picha iliyopigwa ilizunguka dunia nzima: kijana yuko hewani juu ya kamba, na chini yake wamesimama Wazungu wawili ambao vichwa vyao havimfikii. Adolf Friedrich aliandika kwamba kimo kilichorukwa kilifika mita 2.50. Wakati huo rekodi ya dunia, iliyowekwa mwaka 1895, ilikuwa mita 1.97. Ni kweli kwamba warukaji hao waliruka kutoka juu ya kichuguu kidogo, jambo lisiloruhusiwa katika kanuni za Ulaya, na kwamba upimaji wenyewe haukuwa wa uhakika. Hata ukipunguza, palibaki jambo la kustaajabisha.

Wataalamu walifanya nini na mastaajabu hayo? Wangeweza kusema kwamba St. Louis walikosea. Badala yake walisema kwamba warukaji hawa, kwa kuwa ni Watutsi, si Waafrika hasa bali ni Wahamiti, watu waliotoka nje ya bara na kuja kuwatawala wengine. Basi Mwafrika aliposhindwa ilikuwa ni kwa sababu ni Mwafrika, na aliposhinda ilikuwa ni kwa sababu si Mwafrika. Hakuna mzani unaoweza kumpa haki mtu anayepimwa hivyo. Wala jambo hilo halikuishia katika michezo: fundisho la Wahamiti liliingizwa katika shule, katika vitambulisho na katika siasa, na mwaka 1994 lilikuwa miongoni mwa silaha zilizowaua mamia ya maelfu ya watu wa Rwanda.

Tukirudi pwani yetu, tutaona kwamba uwezo mkubwa kuliko wote uliotumiwa na wageni haukupata kuitwa uwezo. Ni ule wa mpagazi. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na kuanza safari ya kufuata Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa. Miongoni mwa aliokuwa nao walikuwa Chuma, kijana wa Kiyao, na Susi, aliyetoka Zambezi. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwezi Mei 1873, wao wawili na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Walipita penye njaa, maradhi na vita. Vitabu vingi viliisifu safari hiyo kuwa ni ya uaminifu, na kweli ilikuwa ya uaminifu; lakini uaminifu peke yake haubebi maiti miezi tisa. Palikuwa na elimu ya mwendo: kujua wakati wa kuondoka, namna ya kupumzika, namna ya kupokezana mzigo, na maji yako wapi. Mpagazi wa kawaida alibeba ratili zipatazo 60 au zaidi, siku baada ya siku. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu kwa maelfu walichukuliwa kwa nguvu kubebea majeshi risasi na chakula, na vita vikali vya Mahiwa, karibu na Lindi, mwezi Oktoba 1917, visingepiganwa bila migongo yao. Wengi mno hawakurudi. Baadaye, katika taarifa za watawala, watu wa pwani hii hii waliandikwa kuwa ni wavivu.

Enzi ya Waingereza ilileta kandanda na siku za michezo mashuleni. Misheni zilitangulia serikali. Masasi ilikuwa na misheni tangu 1876 na Ndanda tangu 1906. Katika ngazi ya nchi, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, na Tanganyika ikajiunga mwaka 1945. Timu yetu ililitwaa miaka mitatu mfululizo, 1949 hadi 1951. Kwa mara ya kwanza watu wa makabila mbalimbali walivaa fulana moja na kuitwa kwa jina la nchi moja, miaka mingi kabla nchi hiyo haijawa na bendera yake. Hilo ni fungu la historia yetu linalostahili makala peke yake.

Huko nje, wakati huo, ule wimbo wa zamani ulikuwa umeanza kubadili maneno. Mwaka 1936 Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alipata medali nne za dhahabu mjini Berlin mbele ya Hitler. Waliosema kwamba mtu mweusi hawezi sasa walianza kusema kwamba anaweza kwa kuwa yu karibu zaidi na mnyama wa porini. Mwaka 1941 kocha mmoja maarufu wa Marekani aliliandika jambo hilo kitabuni bila haya. Yuko aliyeamua kulichunguza badala ya kulisema. W. Montague Cobb, daktari na mtaalamu wa maumbile ya mwili katika Chuo Kikuu cha Howard, naye mweusi, alimpima Owens mwenyewe, mifupa na misuli, mwaka huo huo wa 1936. Aligundua kwamba katika sehemu muhimu mwili wa Owens haukulingana na ule ulioitwa mwili wa Mwafrika, na kwamba wakimbiaji hodari weusi hawakuwa na umbo moja linalofanana. Kilichowaunganisha, alisema, ni mazoezi na bidii.

Hata hivyo iliendelea kuaminika kwamba mtu mweusi ni wa mbio fupi tu, hana subira ya mbio ndefu. Imani hiyo ilikufa usiku mmoja, tarehe 10 Septemba 1960, mjini Rome, Abebe Bikila wa Ethiopia alipokimbia marathoni bila viatu na kushinda kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Miaka minane baadaye, huko Mexico, wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia walizitawala mbio ndefu. Mara ikaanza imani ya tatu, kinyume kabisa cha ya pili: kwamba Mwafrika wa Mashariki huzaliwa na mbio ndefu mwilini. Msomaji aangalie: katika muda wa miaka 64 tuliambiwa kwamba hatuwezi, kisha kwamba tunaweza kidogo, kisha kwamba hatuna budi kuweza. Katika hatua zote tatu hakuna mahali palipotajwa kazi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni nao haujapata chembe moja ya urithi inayoeleza ushindi huo. Miinuko ya nchi husaidia, mwendo wa utotoni husaidia, na mazoezi ya pamoja yenye mwalimu na lengo husaidia zaidi.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikaundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka huo huo wa 1962 wanariadha wetu walikwenda Perth kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 1964 wakashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Tokyo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Kisha ikaja Mexico, 1968, na John Stephen Akhwari. Aliumia vibaya goti katika marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea. Alipoingia uwanjani, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita tangu mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, kufika. Walioanza walikuwa 75, wakamaliza 57. Yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Kwa mizani ya saa, huyo ni mtu wa mwisho. Tunadhani wazee wanaotazama ngalawa wangempima vingine.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Namna alivyokimbia ilikuwa muhimu kuliko muda wenyewe. Desturi ya wakimbiaji wakubwa ilikuwa kujificha katikati ya kundi na kufyatuka mwishoni. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo na hakutazama nyuma; John Walker wa New Zealand aliyemfukuza naye aliivunja rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Huo ulikuwa uamuzi wa akili. Na kwa wale wanaoona kwamba yote ni hewa ya milimani, inafaa wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yake aliyafanya Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Inasimuliwa kwamba alikuwa akishindana na mabasi barabarani.

Dunia ilingoja Bayi na Walker wakutane tena Montreal, Julai 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini wiki chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika na Tanzania ikiwamo, zikajitoa katika Olimpiki. Walker alishinda. Huko Ulaya wapo waliosema kwamba tumechanganya michezo na siasa. Mtu wa Mtwara asingehitaji kuelezwa. Tangu 1964 wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma kuja kwetu. Wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, mahali ambapo hadi 1971 palikuwa ndani ya mkoa huu. Vijiji vya mpakani viliishi kwa miaka kumi na hofu ya ndege za Wareno. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, mwaka mmoja tu kabla ya Montreal. Kwa watu hao, kukimbia pamoja na rafiki wa makaburu kungekuwa kuimaliza nusu ya kazi na kuiacha nusu. Bayi alilipa gharama ambayo hakuna medali inayoweza kuirudisha. Huko Moscow, mwaka 1980, alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Zilikuwa medali za kwanza za Olimpiki kwa nchi yetu. Ikapita miaka 45 ndipo, Septemba 2025, katika Tokyo ileile, Alphonce Simbu alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Simbu ni wa Singida, Bayi wa Karatu, Akhwari wa Mbulu. Kutokana na orodha ya namna hii, imani ya tatu tuliyoitaja imejipenyeza mpaka ndani ya nchi yetu, na sasa tunaisema kwa vinywa vyetu wenyewe: mbio ni za watu wa kaskazini na kati, mtu wa pwani ni wa ngoma na kandanda. Hatukusema kwamba huko kaskazini palikuwa na walimu, kambi na mifano ya kufuatwa. Tulisema damu. Uwanja wa Nangwanda Sijaona upo Mtwara, na uwanja mkubwa wa taifa unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika wilaya ya Masasi. Lakini majina ya viwanja si mazoezi.

Tunakumbuka, tukiwa wanafunzi katika shule moja ya kusini, siku mwalimu alipokuja na karatasi ya majina ya watakaojaribiwa mbio ndefu. Wote walikuwa wanafunzi waliotoka mikoa ya bara. Alikuwa mwalimu mwema, na alifanya hivyo kwa nia njema, ili asipoteze wakati. Kulikuwa na kijana mmoja aliyetoka vijiji vya mikokoni, karibu na mlango wa Ruvuma. Wakati wa likizo, basi lilipokwama kwa matope, alikuwa na desturi ya kwenda kwao kwa miguu, na kesho yake alionekana akivua samaki kana kwamba hakutembea. Siku ya majaribio alikuwa ameketi chini ya mwembe akiwashikia wenzake viatu. Mwalimu hakumkataza kukimbia. Jina lake halikuwamo tu katika karatasi, na yeye mwenyewe hakuona ajabu yoyote kwamba halikuwamo.